Leokadia Si Mke Mwenzangu

Kijijini, njia ya kwenda Nyakanazi,
Wilaya ya Biharamulo.
Mwezi wa tisa, mvua bado.

Dada yangu Minza,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimekaa chini, mgongo kwenye ukuta wa nyumba upande usio na jua. Upande huo ni mmoja tu, na unahama kila saa, nami nahama nao na karatasi yangu. Je, mgongo wako umepona? Baba bado anakohoa alfajiri? Ule mguu wa mama uliokuwa ukivimba umetulia? Sisi huku tu wazima, ingawa mama mkwe alitutisha sana, na habari hiyo nitakueleza yote bila kuficha. Masunga naye yu hai. Barua yake ya mwisho ilifika mwezi wa saba, mistari minne, miwili ya kumuulizia mama yake na miwili ya kumuulizia mwanetu Kabula. Redioni wanasema vita vimekwisha, lakini wanaume wetu wa mgambo bado wako huko Uganda, na hakuna anayetuambia watarudi lini.

Barua yako niliipokea kwa dereva wa lori aliyepita njia panda. Nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilicheka, ya pili nikakasirika, ya tatu nikalia kidogo. Umeniuliza, "Huyo Leokadia ambaye salamu zake umeniandikia ni nani? Masunga ameoa mke wa pili nawe unanificha?"

Hapana, dada. Leokadia si mke mwenzangu. Afadhali angekuwa mke mwenzangu, ningejua la kufanya. Mke mwenza ana jiko lake na zamu yake, na ukimnunia watu wanakuelewa. Leokadia ni jirani tu. Zile salamu sikuziandika kwa hiari. Mama mkwe alinisimamia akasema, "Andika: na mwanangu Leokadia anakusalimu." Nikaandika, kwa sababu alikuwa ameikodolea macho kalamu yangu kana kwamba anajua kusoma.

Leokadia ni Mhangaza wa Mbuba, kule Ngara, Mkatoliki wa kuvaa rozari shingoni hata akiwa shambani. Nyumba yake inatazamana na yetu. Mume wake Petro alichukuliwa siku moja na Masunga, wakapanda lori moja, na sisi wawili tukabaki tumesimama kwenye vumbi lile lile. Umri wetu haupishani sana. Hana mtoto. Mimi na yeye tunasema Kiswahili, kwa kuwa Kisukuma changu hakijui na Kihangaza chake sikijui. Ananiita Rimi. Nimemwambia mara ngapi kwamba mimi ni Limi, naye anaitikia, "Ndiyo, Rimi." Lakini mama mkwe alimfundisha maamkizi ya Kisukuma, na hayo anayatamka sawasawa! Kila asubuhi anapiga goti mlangoni kwetu, "Ng'wangaluka, mayu," na huyo mayu, mama mkwe wangu, anajibu kwa Kihangaza, mwanamke mzee ambaye miaka yote niliyokaa naye hakutaka kujifunza hata jina la kijiji chetu.

Sasa nikwambie juu ya jua, maana bila jua haya yote yasingetokea.

Jua la mwaka huu silijui jina lake. Kwetu Maswa jua tumezaliwa nalo, ndiyo maana hata mimi nikaitwa Limi, yaani jua. Lakini huku tulikuja kufuata majani mabichi na mito. Unakumbuka Masunga alivyotusifia? "Biharamulo ng'ombe anakunywa asubuhi na jioni." Basi ng'ombe wetu sasa wako mbali, shemeji anawachunga, wanafuata maji, na kijito cha karibu kimebaki mchanga mtupu. Halafu ile operesheni ya vijiji ilipotuleta hapa, nyumba zikapangwa kwa mistari, na miti ikakatwa ili mistari inyooke. Mayu kila siku anauliza, "Nani aliwaambia watu wapandwe kama mahindi?" Mchana nyumba za bati haziingiliki. Mapori yanachomwa, moshi unakaa chini, macho yanawasha. Kuku wanatembea midomo wazi. Maji yamebaki kwenye chemchemi moja bondeni, na foleni yake inaanza kabla jogoo hajawika.

Watoto wakaanza kuhara, wazee wakaanza kuanguka. Zahanati yetu ni vyumba viwili na mganga mmoja, ambaye tunamwita daktari ingawa mwenyewe hukataa. Mwenyekiti wa kijiji akagonga kengele, tukakusanyika mbele ya ofisi.

"Daktari anahitaji akina mama wa kujitolea," akasema. "Kuteka maji, kuyachemsha, kuwanywesha wagonjwa uji mwepesi wa chumvi. Posho hakuna. Sukari hakuna. Kuna ahsante tu."

Watu wakacheka. Kabla kicheko hakijaisha, mkono mmoja ulikuwa juu. Wa nani? Wa Leokadia. Mayu, aliyekuwa kwenye kigoda karibu yangu, akasema kwa Kisukuma na kwa sauti ya kusikika, "Mnaona? Huyo ndiye mtu."

Dada, mkono wangu ulipanda wenyewe. Sikuwa nimewafikiria wagonjwa. Sikuwa nimefikiria hata nani atamwangalia mayu na Kabula nikiwa huko. Nilifikiria neno lile moja tu. Kumbe mimi nani, kama yule ndiye mtu?

Tukaandikwa akina mama kumi na wawili. Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Kuna mtoto wa mwaka mmoja aliletwa macho yamezama, ngozi ukiivuta inabaki imesimama, na nilikaa naye tangu asubuhi hadi alasiri nikimpa uji kwa kijiko, kijiko, kijiko, mpaka akalia machozi ya kweli. Mama yake akanishika mikono yote miwili. Nikatoka nje nikiwa nimejaa furaha. Na nje nikakuta wanawake watano wamemzunguka Leokadia, anawaimbia wimbo wa kanisani huku wanachochea moto, wanacheka. Furaha yangu ikamwagika pale pale.

Nilianza kumhesabia. Yeye akileta debe moja, mimi naleta moja na nusu ya ndoo mkononi. Yeye akifika jua linachomoza, mimi nafika kabla. Wagonjwa wakiuliza, "Yule dada mwenye rozari yuko wapi?" najibu, "Sijui," na kumbe namwona dirishani. Sijisifu, dada. Nakueleza jinsi ilivyokuwa. Wivu ni kama upele. Unajua ukijikuna utatoka damu, na unajikuna.

Kibaya zaidi alikuwa haishii kwenye zahanati. Zamu yake ikimalizika hapumziki, anapita nyumba za wazee, mmoja mmoja, anawauliza kama wana maji. Na kwetu ndipo alipokuwa anaanzia. Siku moja nilirudi nimechoka, Kabula akanijia anarukaruka. Amesukwa mistari myembamba inayokutana utosini, safi, kama kichwa cha bibi arusi.

"Nani amekusuka?"

"Mama Leokadia! Ananisuka haumizi."

Nilimkalisha katikati ya magoti yangu nikaifumua yote. Mstari kwa mstari. Mtoto analia, "Mama, kwa nini?" nami nafumua. Nikamwambia ilikuwa imekazwa mno, itamletea kichwa kuuma. Mayu alikuwa mlangoni, akanitazama mpaka nilipomaliza. Ndipo akasema, "Na nywele zimekukosea nini?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusimama, nami sikusimama.

Likafika tangazo kwamba bwana afya wa wilaya anakuja kutoka Biharamulo mjini, kuiona zahanati na kuwashukuru akina mama. Daktari akasema kila mwenye zamu alete debe lake la maji asubuhi, yajazwe mapipa, mgeni aone kazi. Siku hiyo haikuwa zamu yangu. Ilikuwa siku yangu ya kukaa nyumbani. Lakini nilisema moyoni, haiwezekani bwana mkubwa atoke wilayani aje amshukuru Leokadia mimi nikiwa napepeta mtama. Nikaomba kubadilishana na mwenzangu, akakubali upesi sana.

Alfajiri nikaenda bondeni. Foleni, dada! Ndoo zimepangwa mpaka juu ya mlima. Nikaona nikisubiri zamu yangu nitafika mgeni ameshaondoka. Nikarudi na debe tupu. Nyumbani mtungi ulikuwa na maji, kama debe moja hivi, niliyoyateka jana yake kwa ajili ya mayu na Kabula. Nilisimama mbele ya mtungi ule. Najua nilisimama, kwa sababu nakumbuka ubaridi wa udongo wake kwenye kiganja changu. Nikasema, ni saa chache tu. Mgeni atakuja asubuhi, ataondoka, nitateka mengine nirudi kabla ya saa sita. Mayu alikuwa amelala, uso ukutani. Nikamimina yote. Nikabakiza kikombe kimoja, nikakifunika na sahani, nikajitwika debe, nikatoka.

Nilikuwa wa kwanza kufika. Daktari akasema, "Leo Mama Kabula umetushinda wote." Neno hilo lilikuwa tamu kuliko asali.

Nikamtafuta Leokadia kwa macho, nimwone akinikuta nimemtangulia. Hakuwepo.

Mgeni hakuja asubuhi. Gari lilikuwa limeharibika njiani. Saa nne, bado. Saa sita, bado. Jua lilikuwa limesimama juu ya bati kama mtu aliyekasirika. Niliwafikiria walio nyumbani, kwa nini niseme sikuwafikiria? Kila nilipotaka kuondoka nilijiambia, hapo hapo nikitoka ndipo atakapofika. Saa nane Landrova ikaingia na vumbi lake. Tukajipanga. Bwana afya ni mtu mpole, mwenye shati jeupe lililolowa mgongo mzima. Akayatazama mapipa, akatazama wagonjwa, akaanza kutushukuru. Mimi nilikuwa mstari wa mbele. Daktari akaninyooshea mkono, "Mathalani mama huyu, Limi Masunga, mume wake yuko vitani, leo si zamu yake, naye ndiye aliyefika wa kwanza."

Watu wakapiga makofi. Na katikati ya makofi nikaona wa nyuma wanageuka mmoja mmoja, wanaacha kupiga.

Leokadia alikuwa anakuja njiani. Amembeba mtu mgongoni kwa kitenge, kama mtoto, miguu mirefu mikavu inaning'inia kila upande. Kabula anatembea pembeni ameshika pindo. Leokadia hakuwa na viatu, na ile njia mchana huwezi kuikanyaga. Aliyembeba alikuwa mayu.

Walimlaza sakafuni kwenye ubaridi. Midomo yake ilikuwa imepasuka, ngozi kavu inawaka kama chungu kilichotoka motoni, na alikuwa anasema maneno yasiyo na mpangilio, anamwita dada yake aliyekufa zamani. Daktari akamwagia maji nguo, akaanza kumpepea, akauliza bila kuinua kichwa, "Mama huyu ni wa nani?"

Nilinyamaza. Kitambo kidogo tu, dada, kama kupumua mara mbili. Lakini nilinyamaza.

"Ni wangu," nikasema.

"Ameanguka wapi?"

Leokadia ndiye aliyejibu, anahema. "Njia ya bondeni. Alikuwa na kibuyu. Alikuwa anaenda kuteka maji na mtoto."

"Kuteka maji, mtu wa umri huu? Nyumbani hakukuwa na maji?"

Nikajua amepita nyumbani kwangu, kama anavyopita kila siku. Nikajua ameuona mtungi. Akanitazama. Alinitazama sawasawa, usoni. Halafu akamgeukia daktari.

"Mtungi ulipasuka," akasema. "Nimekuta umepasuka, maji yote yamemwagika."

Ungedhani nilimshukuru. Hapo ndipo nilipomchukia kweli. Ningetaka aseme! Angesema, ningejitetea, ningelia, ningemtukana, tungekuwa sawa. Lakini amembeba mama mkwe wangu mgongoni, na bado akanibeba na mimi. Nilibaki nimesimama na debe langu la kwanza, sina hata pa kuliweka.

Mayu alilala zahanati siku tatu. Nilikaa naye. Nilimnywesha kwa kijiko kama nilivyomnywesha yule mtoto. Siku ya pili alifungua macho, akanitazama muda mrefu, akauliza, "Leokadia yuko wapi?" Nikameza neno lile kama mwiba wa samaki. Nikamwambia, "Nitamwita."

Nilikwenda nyumbani kwake. Nilikwenda kumwita, lakini pia nilikwenda kugombana. Alikuwa amekaa mlangoni, nyayo zake amezifunga matambara yaliyopakwa samli, malengelenge matupu. Sikubisha hodi.

"Kwa nini ulidanganya?" nikamuuliza.

"Karibu, Rimi. Kaa."

"Sitaki kukaa. Kwa nini ulisema mtungi ulipasuka? Unataka nikuabudu?"

Akacheka kidogo, kicheko kibaya, sijawahi kumsikia nacho. "Unadhani mimi ni malaika? Neno lilifika hapa," akajigusa mdomo. "Nilitaka kusema. Njia nzima nilikuwa nalipanga, kwa kila hatua iliyoniunguza. Nitasema mbele ya wote kwamba mwanamke huyu ana mama, ana mtoto, na amewaacha na kikombe kimoja. Nilitaka waone."

"Basi mbona hukusema?"

"Kabula alinitazama."

Akaendelea, anatazama nyayo zake. "Petro ameniandikia. Mwalimu alinisomea, nikaona aibu hata kwa mwalimu. Anasema akirudi atapitia Mbuba kwanza, kwao, wamemtafutia msichana. Miaka saba sikumzalia. Wewe barua yako inauliza mama na mtoto. Unalalamika kisimani kwamba ni mistari minne tu, kila mtu anakusikia. Mimi nimepata kurasa mbili, Rimi. Ukitaka tubadilishane."

Nilikaa. Nilikaa chini pale kwenye kizingiti chake. Mwishowe nikamwambia mama mkwe anamwita. Alipotaka kusimama akashindwa kwa maumivu, nikamshika mkono, tukaenda polepole kama vikongwe wawili.

Siku mayu aliporudi nyumbani, nilimlaza, nikapiga magoti, nikasema, "Mayu, mtungi haukupasuka. Maji niliyachukua mimi."

"Najua," akasema.

"Leokadia amekwambia?"

"Nani aniambie? Sikuwa nimelala. Nilisikia unamimina."

"Mbona hukunizuia, mayu?"

"Nilitaka kuona kama utayarudisha." Akavuta shuka. "Nilipoona jua limefika katikati hujaja, nikasema basi na mimi nina miguu. Nilikosea. Sina miguu. Na mtoto nilimpitisha kwenye jua lile kwa ukaidi wangu. Hilo ni langu, usilichukue." Halafu akaongeza, "Tangu mwanangu aende vitani umekuwa ukinipikia, unanifulia, unanipa maji, na hujawahi kukaa chini ukaniuliza nimeotaje. Yule anauliza. Ndiyo tofauti, hakuna nyingine."

Dada, ningeweza kumjibu kwamba mtu anayepika na kufua na kulima na kuteka maji hana saa ya kuuliza ndoto. Ni kweli, na nilikuwa na jibu hilo tayari. Sikulitoa. Niliuliza, "Umeotaje, mayu?" Akasema, "Leo sikuota," akageukia ukutani. Lakini bega lake lilitikisika, nadhani alikuwa anacheka.

Kesho yake asubuhi nikaenda zahanati. Akina mama walikuwepo wote, daktari, na mwenyekiti aliyekuja kuhesabu mapipa. Nikasimama nikasema yote. Kwamba mtungi ni mzima, uko nyumbani, anayetaka aje auone. Kwamba maji ya yule mzee ndiyo yaliyonifanya niwe wa kwanza. Mmoja akaguna. Mwingine akasema, "Na sisi tukakupigia makofi!" Aliyenipa zamu yake akatema mate pembeni. Leokadia alikuwa anachochea moto, hakugeuka. Nilitaka ageuke. Hata wakati wa kutubu, dada, nilitaka aone ninavyotubu vizuri!

Daktari akavua miwani akaifuta. Akasema, "Mapipa yana wa kuyajaza. Wazee majumbani ndio hawana mtu ila mmoja, na huyo sasa miguu haimfai. Mama Kabula, kuanzia leo wewe ni wa wazee. Leokadia atakuonyesha nyumba."

Kwa hiyo ndivyo tulivyo sasa. Kila siku tunapita nyumba kumi na moja, yeye na fimbo, mimi na debe. Hakuna mgeni anayetuona, hakuna makofi. Kuna babu mmoja kiziwi ambaye kila tukifika anadhani sisi ni wakaguzi wa mashamba ya kijiji, anajificha uvunguni. Kuna bibi anayekataa maji yangu na kukubali ya Leokadia, na ni debe hilo hilo! Nikimpa mimi anasema yana chumvi. Basi namimina, Leokadia anampa, anakunywa. Bado naumia. Nilidhani nikisema ukweli wivu utanitoka kama jino bovu. Haujatoka. Ila sasa najua ulipo, na Leokadia naye anajua, na wa kwake najua ulipo. Juzi nilimkuta anamtazama Kabula akilala, akashtuka kama mwizi. Nikajifanya sikumwona.

Kuhusu Petro, Leokadia ameamua hatarudi Mbuba kumsubiri wala kumkimbia. Amesema nyumba hii aliisiliba udongo kwa mikono yake, Petro akija na mtu, atamkuta humo ndani, wazungumze. Ameniomba nimwandikie jibu. Nimeliandika jana, kurasa tatu. Maneno ni yake, lakini pale alipolegea nilikaza mimi, na sikumwambia.

Jambo la mwisho nikuhadithie. Leo mchana tulikuwa tunarudi, tuko kama hatua hamsini kutoka nyumbani. Mayu alikuwa ametoka kukaa mlangoni kwa mara ya kwanza tangu augue. Akatuona, akaita, "Mwanangu!"

Tukaitika wote wawili kwa pamoja, "Abee, mama!"

Tukasimama, tukatazamana. Mayu naye akatutazama, mmoja, halafu mwingine, akapandisha mabega. "Yeyote mwenye maji," akasema.

Dada, nilikimbia. Na debe kichwani, na jua lile, mwanamke mzima, nilikimbia.

Dereva ataondoka kesho, karatasi inaisha. Mwamkie baba, umwambie ile dawa ya kikohozi ya majani huku sijaiona bado, naitafuta. Mwamkie mama, mguu wake auinue juu akikaa. Kaka yetu mkubwa Maganga mpe salamu, na mkewe, na umwulize kama yule ndama mwekundu aliishi. Shangazi Holo asikasirike kwamba sijaandika jina la mtoto wake mpya kwenye barua, sikuambiwa aliitwaje. Msalimie na bibi jirani anayetuuzia chumvi, kama bado anatukana watu.

Mama mkwe anakusalimu. Kabula anakusalimu, anasema umletee ushanga. Leokadia hakusalimu, kwa sababu sijamwambia kwamba nakuandikia. Mayu nimegawana naye. Kabula nimegawana naye. Hata wagonjwa, hata babu kiziwi wa uvunguni. Wewe bado sijakuwa tayari kukugawa. Ukijibu, andika jina langu peke yake juu ya bahasha.

Ni mimi mdogo wako, niliyekufuata tumboni kwa mama,

Limi